Mvua Kati ya Baba na Bwana Arusi

Mimi nimepanda mabati mengi ya mji wetu wa Kamembe kuliko paka wa mtaa wetu, na mpaka leo kuna watu wanaoniuliza kama kweli hii kazi naijua. Nimechoka kuwajibu.

Kazi yangu ni kufunga parabole, ile sahani kubwa ya kukamata televisheni kutoka angani. Naibeba mgongoni, naipandisha juu, naikaza kwa spana, kisha naigeuza polepole, kidogo huku, kidogo kule, hadi mtu aliye ndani apige kelele kwamba picha imekuja. Nimewafungia Waislamu wenzangu wauza vitenge hapa mjini. Nimewafungia wale waliokulia Kongo wakarudi na kwaya zao. Nimefunga Giheke, kwenye nyumba ambayo ili kuifikia nilivua viatu na kutembea kwenye tope hadi magotini. Mwanamke juu ya bati, suruali chini ya gauni, koleo kiunoni. Wengine wanacheka. Wacheke tu. Mvua ikianza, wote wananipigia simu mimi.

Maana mvua ikianza, kila mtu wa wilaya yetu ya Rusizi anageuka fundi. Kwanza unakuja upepo, mabati yanaanza kugongwa, na kwenye televisheni watu wanakatika vipande vya mraba. Sauti inakwaruza. Kisha kioo kinakuwa cheusi. Hapo baba mwenye nyumba anasimama, anachukua mwavuli na fimbo ya ufagio, anatoka nje na kuanza kuisukuma parabole. Anaisukuma kushoto, anauliza ndani, "Imekuya?" Haijaja. Anaisukuma kulia. Haijaja. Mvua inapita, jirani zake wote wanaendelea kutazama mpira wao, na yeye peke yake anatazama kioo cheusi, kwa sababu parabole yake sasa inaangalia migomba ya mwenzake. Kesho yake ananipigia: "Fundi, ile kazi yako ilikuwa mubaya." Mubaya wewe! Nimesema mara ngapi? Mvua ikinyesha, musiguse kitu. Parabole haijapotea njia, ni mvua imesimama njiani. Ikiondoka, picha itarudi yenyewe. Lakini nani anasikiliza?

Maneno hayo nilifundishwa na Papa, baba yangu. Papa ni fundi wa redio upande wa pili wa mpaka, Bukavu ya Kongo, na mimi nimekulia chini ya meza yake, katikati ya nyaya na harufu ya risasi ya kulehemu. Mama alipotangulia mbele ya haki, Papa alinipeleka hapa Kamembe kwa ndugu zake nisome, na kila likizo nilivuka daraja la mpakani kurudi chini ya ile meza. Wasichana wengine walifundishwa kukanda chapati. Mimi pia nilifundishwa chapati, lakini baada ya redio.

Alikuwa akiniambia kwamba kila wimbi lina hatua yake. Wimbi la redio ni muntu murefu, hatua yake ni mita kadhaa, anapita katikati ya matone ya mvua kama hayapo. Lakini wimbi la parabole hatua yake ni upana wa kidole gumba. Hilo linakutana na kila tone. Tone hili linakula kidogo, tone lile linalitupa pembeni, na kati ya mawingu na bati lako kuna matone mangapi? Mvua ya rasharasha haina neno. Mvua nzito, ile ya matone manene yanayouma kichwani, hiyo inalimaliza lote kabla halijafika.

"Na kilima kwa kilima ni vilevile," alisema. Alinionyesha ile minara ya simu yenye ngoma nyeupe. Ngoma hizo hazipigwi, zinatazamana. Moja iko kilima hiki, mwenzake iko kilima kile, na maneno yetu yote ya simu yanapita katikati yao kwa mstari mnyoofu, juu ya mawimbi mafupi kama yale ya parabole. Mvua kubwa ikisimama kati ya ngoma mbili, simu yako inaweza kuonyesha mistari yote ya rezo, yaani mtandao, imejaa, na usimpate mtu. Ile mistari inakwambia tu kwamba mnara ulio karibu nawe unakusikia. Wewe na mnara wako mnaongea kwa wimbi refu kidogo, mvua hamuijali. Tatizo ni mnara wako na mnara mwenzake. Watu hawalijui hili, ndiyo maana mvua ikinyesha utawaona wanazipiga simu makofi.

Basi, ya ndoa yangu.

Mwanaume aliyeniposa ni seremala. Ngazi yangu ya zamani ilivunjika nikiwa juu yake, nikaenda karakana kwake nikiwa nachechemea. Aliniuliza nataka ngazi ya urefu gani. Hakuniuliza ni ya nani, wala hakuniuliza kwa nini mwanamke anataka ngazi. Alichukua penseli sikioni akaanza kupima mbao. Hapo hapo nilimpenda, nasema wazi, sina aibu.

Lakini alikuwa na shangazi. Ndiye aliyemlea baada ya wazazi wake kufariki, alimlea kwa jembe huko Nyakarenzo, na hilo simnyang'anyi. Yule mwanaume akiwa na shangazi yake alikuwa anakaa kama mtoto wa shule, mikono juu ya magoti. Mama huyo alinitazama mara ya kwanza kuanzia kichwani hadi kwenye buti zangu. Akasema, "Mwanamuke wa juu ya mabati. Atapika saa ngapi?" Nikamwambia mvua ikinyesha, Maman, maana mvua ikinyesha sipandi. Hakucheka.

Hata hivyo tulielewana, mahari ikatolewa, siku ikapangwa. Kisha mpaka ukafungwa. Sababu zake wataeleza wengine, mimi si mtu wa siasa. Ninachojua ni kwamba daraja la Rusizi ya Kwanza, ambalo wabebaji wetu wanalivuka kama wewe unavyokwenda dukani, siku moja lilikuwa halivukiki, na Papa alikuwa upande ule. Ukishuka mteremko wa mtaa wetu unaiona Bukavu kwa macho ng'ambo ya ziwa, nyumba hadi nyumba, kukiwa na jua unaona hata nguo zilizoanikwa. Unaiona na huwezi kwenda.

Na kwetu binti haolewi bila walii, msimamizi wa kumwozesha, na walii wangu ni Papa. Alikuwa na ruhusa ya kumpa shehe uwakili wakati wowote, kwa maneno machache tu kwenye simu, na shehe angeniozesha kwa niaba yake. Papa alikataa. "Niko na binti mumoja," alisema. "Ile neno nitaisema mimi mwenyewe." Shangazi naye, kwa sababu zake, akasema ni lazima auone uso wa mzee, kwa sababu muntu haoze mutoto wake kama mwenye kuagiza makala ya jiko. Shehe akafikiri, akakubali: tutamweka Papa kwenye televisheni kubwa kwa njia ya simu, bwana arusi atakaa mbele yake, wote watasikia neno la kule na jibu la huku katika kikao kimoja.

Mimi nikaomba kitu kimoja tu. Tufanye asubuhi. Ni msimu wa mvua, nikawaambia, asubuhi kumetulia, mchana mawingu yanapanda milimani, alasiri yanatushukia. Naijua mvua hii, inanilisha na inaninyima.

Shangazi akatikisa kichwa. "Ndoa za kwetu zinafungwa kisha sala ya alasiri. Na unaogopa mvua? Mvua ni baraka ya arusi! Inyeshe tu, mutoto wangu, inyeshe!" Alisema hivyo mbele ya watu wote, akiwa ameinua mikono, na wanawake wakapiga vigelegele. Tafadhali liweke hilo akilini, maana mimi nililiweka.

Siku yenyewe nilikaa chumba cha ndani na wanawake, kama inavyotakiwa. Bibi arusi hatoki kwa wanaume kabla ndoa haijafungwa. Jirani yangu alikuwa amenipaka hina mikono na miguu, ananizuia nisishike kitu. Katikati yetu na sebule kulikuwa na pazia tu, na pazia lina upenyo, na mimi nina macho.

Papa alikuwa kwenye kioo. Kanzu yake imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe, kofia mpya, na nyuma yake rafu ya redio mbovu za watu. Alikuwa amekaa karibu mno na simu, pua yake imekuwa kubwa, na mashahidi wawili walikuwa wanajizuia kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hamu naye mno.

Shehe alianza hotuba. Shehe wetu ni mtu wa maneno mengi, na siku hiyo kulikuwa na pilau inanukia, lakini hata pilau haikumharakisha. Nikasikia bati la kwanza likigongwa. Tone moja, halafu mengine. Nikasema moyoni, Shehe, fupisha. Hakufupisha. Alikuwa anaeleza haki za mke wakati mlima wote wa upande wa ziwa ulipotoweka kwenye dirisha.

Alipomaliza na kumwambia Papa, "Haya mzee, sema," Papa alijiweka sawa, akafungua mdomo. "Mimi... kuoza... bin..." Uso wake ukakatika vipande vya mraba, kanzu huku, kofia kule. "Rudia mzee!" shehe akapiga kelele. Papa akaganda, mdomo wazi, mkono umeinuliwa. Alibaki hivyo kidogo. Kisha kioo kikawa cheusi.

Mvua ilikuwa inapiga bati hadi huwezi kumsikia aliye pembeni yako. Simu iliyokuwa imeunganishwa ilionyesha rezo imejaa, mistari yote, imenyooka vizuri kabisa. Wakapiga tena, kimya. Wakapiga kwa simu nyingine, kimya. Na tazama balaa: binamu mmoja wa bwana arusi alivua viatu, akatoka mbio, nikasikia miguu yake juu ya paa. Alikwenda kugeuza parabole yangu! Parabole ina hatia gani? Picha ya Papa haikutoka angani, ilitoka kilima hadi kilima. "Musiguse!" nilipiga kelele kutoka chumbani, sauti yangu yote. Jirani aliyenipaka hina akanifunika mdomo kwa kanga.

Ndipo shangazi aliposimama.

"Mumeona," alisema, na watu wote walimsikia kwa sababu sauti yake inajua kushinda mvua. "Mumeona wenyewe. Muzee alifungua kinywa, neno likakatwa kinywani. Si muntu alikata. Ni Mungu. Mungu anafunga mulango, na sisi tunasukuma? Tuende kwetu."

Nilimtazama seremala wangu kupitia upenyo. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Sentensi kama ile naijua. Ikishatoka mbele ya watu haifutiki. Tukitawanyika bila ndoa, kesho soko zima litasema mvua iliikataa arusi ya yule mwanamke wa mabati, na keshokutwa itakuwa radi, na wiki ijayo watasema nyumba iliungua. Na seremala wangu hangerudi. Hangemvunjia heshima aliyemlea, kwa neno lililosemwa mbele ya shehe, ati kwa sababu yangu. Angeniletea ngazi mpya siku moja, kwa aibu, na basi.

Nikasema kwa sauti kupitia pazia, kwa heshima zote, "Tungoje. Ni mvua tu, itapita na rezo itarudi." Shangazi alikuwa anakaza kitenge chake kiunoni, anawaita wenzake kwa majina, anauliza dereva yuko wapi. Ile mvua nayo ilikuwa imekaa, haina mpango wa kwenda popote, na shehe alishaanza kutazama saa.

Hapo nilikasirika. Na nikikasirika mimi, Mungu anisamehe, sikumbuki pazia.

Nililivuta nikatoka. Nilisikia wanawake nyuma yangu, "Mama weee!" Wanaume wakainamisha vichwa kama waliofumaniwa. Nilisimama katikati ya sebule na mapambo yangu yote, mikono nimeinyoosha mbele ili hina isichafue gauni.

"Maman," nikamwambia, "mvua ilikuwa baraka. Wewe ndiye ulisema, hapa hapa. Sasa imekuwa laana? Mvua ileile?"

"Usiniongeleshe hivyo, mutoto wewe."

"Nakuongelesha kwa heshima. Mvua haijui kama kuna arusi. Iko kati ya ngoma mbili, kilima na kilima, na inakula wimbi kama inavyokula televisheni yako kila siku ya mvua. Ulishasema Mungu amekataa televisheni yako? Si unanipigia mimi?"

Mtu mmoja akakohoa. Nadhani alikuwa anaficha kicheko, nami nikapata nguvu.

Nikamwambia jirani yangu aniletee mfuko wa kazi. Ndani yake, chini ya koleo na misumari, kuna kasimu kadogo ka vitufe ambako nimeweka laini ya Kongo. Papa ndiye aliyeninunulia, zamani, na ndiye anayeniwekea vocha isife. Pale mtaani kwetu haikamati, kilima kinaziba. Lakini ukishuka mteremko hadi mahali unapoiona Bukavu, mnara wa kule unaifikia moja kwa moja, juu ya maji, kwa lile wimbi refu lisilojali mvua. Na Papa yuko mji uleule, kwenye rezo ileile. Hakuna ngoma ya kilima kingine kati yetu. Niliwaeleza hivyo, haraka haraka, nikiwa nimeshika kasimu kwa ncha za vidole.

"Sauti tu?" shangazi akasema. "Bila uso? Tutajua aje kama ni yeye?"

Shehe, ambaye mpaka hapo nilidhani anawaza pilau, akainua kichwa. "Sauti ya yule mzee naijua tangu ananitengenezea redio nikiwa kijana," alisema. "Na uso haufungi ndoa. Akiniambia ananipa uwakili, inatosha. Mengine nitamaliza mimi." Kisha akatazama nje, akatazama viatu vyake vyeupe, akaguna. "Mwavuli uko wapi?"

Ikabaki mtu mmoja. Nilimgeukia. Alikuwa bado amekaa, mikono juu ya magoti, na shangazi yake amesimama nyuma yake kama ukuta. Ningeweza kumbembeleza. Sikutaka. Mtu nikimbembeleza siku ya kwanza nitambembeleza maisha yote.

"Unakuya," nikamwuliza, "ao unabaki?"

Shangazi akamwekea mkono begani. Yeye akaushika ule mkono, akauondoa taratibu, kama unavyoondoa chombo cha watu kisivunjike. "Nitarudi, Maman," alimwambia. Akasimama.

Nilitaka kulia nikajizuia, kwa sababu wanja nilipakwa na mtu wa kulipwa, si mchezo.

Tukashuka. Radi zilikuwa zimeshapita kuelekea Nyakarenzo, na hilo nililisikiliza kwanza kabla ya kutoka. Mimi si mjinga, siwezi kuwapeleka watu kwenye mteremko na radi juu yao. Yaliyobaki yalikuwa maji. Lakini maji gani! Njia ilikuwa mto mwekundu. Nilivua viatu vya arusi nikavitia kwenye mfuko wa koleo. Shehe alikuwa nyuma na mwavuli unaogeuka ndani nje, mashahidi wawili wamejifunika turubai la bidhaa, seremala ananishika kiwiko na mimi namwambia niache, najua kutembea. Watu walikuwa wamesimama chini ya vibaraza wanatutazama. Mama mmoja muuza ndizi akauliza, "Munamukimbiza nani?" Nikamjibu tunakimbiza ndoa, akapiga kigelegele peke yake kwenye mvua.

Nyuma yetu kulikuwa na mwavuli mwingine, mweusi, unakuja polepole. Shangazi alikuwa anakuja. Hakuja kutusaidia. Alikuja kuona nikishindwa, na mimi nikasema vizuri, na aone.

Tulipofika kwenye kona ya mteremko, mahali ambapo siku ya jua unaihesabu Bukavu nyumba kwa nyumba, hapakuwa na Bukavu. Palikuwa na ukuta mweupe wa mvua kutoka miguuni petu hadi mbinguni. Ziwa hakuna, mji hakuna. Nikasikia mmoja wa mashahidi akisema pole pole, "Haiwezekane." Mimi mwenyewe, kwa nukta moja, nilisita. Macho yako yakikwambia hakuna kitu upande ule, ni vigumu kuyaambia kwamba yanakosea.

Nilijipangusa vidole kwenye gauni. Hina ikaacha mstari mrefu mwekundu ambao haujatoka mpaka leo. Nikawasha kasimu, nikakakinga chini ya mtandio. Kakawaka. Kakatafuta. Katika kona hiyo laini ya Kongo inakukaribisha Kongo bila kukuuliza kitambulisho, na daraja lilikuwa limefungwa, na mvua ilikuwa imefunga kila kitu kingine. Mstari mmoja ukatokea. Halafu wa pili.

Nilikuwa natafuta namba yake, na kidole changu hakijabonyeza kitufe cha kupiga, simu ikaita mkononi mwangu.

"Umechelewa," sauti ya Papa ilisema. "Minapiga hii namba tangu picha ilikatika. Nilijua utashuka."

Hapo nililia. Wanja, hina, vyote, niliacha viende. Alikuwa amekaa kule, na kanzu yake ya pasi, anapiga namba ya simu iliyozimwa, anapiga tena, anapiga tena, kwa sababu alijua alimlea nani.

"Iko inanyesha uko?" akaniuliza.

"Inanyesha, Papa."

"Na huku pia. Ni ileile. Nipe Shehe."

Nikambonyezea kitufe cha sauti kubwa, shehe akainama chini ya mtandio wangu, na mashahidi wakaleta turubai juu yetu sote, vichwa vimegusana. Papa hakupata kusema lile neno alilolitaka, uso kwa uso na mkwe wake. Najua lilimuuma. Alisema lingine, fupi, wazi, bila kukatika hata silabi: kwamba anampa shehe uwakili amwozeshe binti yake kwa mwanaume aliyesimama hapo. Shehe akamwuliza mara mbili, akajibu mara mbili. Kisha shehe akamshika seremala mkono, maji yanawatiririka kwenye viwiko, akatamka, na seremala wangu, ambaye tangu asubuhi nilikuwa nimemsikia maneno mawili tu, alipiga kelele, "Nimekubali!" hadi watu wa kwenye vibaraza wakaitika. Papa aliisikia. Kwenye kasimu nilimsikia akipumua, kisha akacheka.

Nilipogeuka, shangazi alikuwa amesimama hatua chache juu yetu katikati ya njia. Mwavuli ulikuwa umemshinda, kitenge kimemganda miguuni. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye miguu yangu mitupu, kama siku ile ya kwanza. Alisikia yote, nilijua kwa jinsi alivyokuwa anatafuna midomo. Nyuma yake, juu kabisa, niliona paa la nyumba yetu na binamu bado amekaa juu yake, ameikumbatia parabole.

"Basi," shangazi alisema mwishowe, na akainua kidevu. "Si nilisema? Mvua ni baraka."

Ningeweza kunyamaza. Wengine wanasema ningepaswa.

"Ni maji, Maman," nikamwambia. "Ni maji tu. Sasa nipishe, mume wangu amelowana."